Pole si Nisamehe

Sisi ni akina mama tisa wa mtaa mmoja hapa Iringa. Kila Alhamisi alasiri, kazi za nyumbani zikishapungua, hukutana uani kwa mwenzetu mmoja. Hutandika mikeka chini ya mparachichi, tukasali kidogo, tukaweka hisa zetu katika kisanduku cha kikundi, kisha tukanywa chai na kuzungumza. Kati yetu wamo wauza nyanya, yumo muuguzi, yumo mshona nguo, na yumo mama mmoja aliyefundisha Kiingereza katika shule za msingi kwa miaka zaidi ya 30 kabla ya kustaafu. Huyo sote humwita Mama Mwalimu.

Jambo tunalotaka kuwasimulia lilianza na kazi ya shule ya mtoto. Alhamisi moja mwaka jana alikuja kwetu binti wa darasa la sita, mtoto wa mwenzetu mshona nguo. Mama yake alikuwa amemtuma alete hisa, kama alivyokuwa akimtuma kila wiki kwa miezi mingi. Alitusalimu, "Shikamooni, mama zangu," akafungua pesa zilizofungwa kwenye kitambaa, akaketi pembeni kusubiri kitabu cha mama yake kigongwe muhuri. Wakati akisubiri alitoa daftari lake la Kiingereza.

"Mama Mwalimu," alisema, "tumeambiwa tutunge sentensi tano kwa neno 'sorry', na kila sentensi iwe na maana yake. Mimi naijua moja tu."

Tulicheka. Sori ni sori, nani asiyeijua? Watoto wetu huisema kutwa nzima. Kikombe kikivunjika, sori. Mboga zikiungua, sori. Waume zetu nao wakichelewa kurudi, sori mama watoto, kulikuwa na foleni barabarani, kana kwamba mji wetu huu mdogo umegeuka kuwa Dar es Salaam. Basi kila mmoja wetu akataka kumsaidia mtoto. Mmoja akasema aandike "Sorry for the journey", yaani pole kwa safari. Mwingine akasema, "Na ile ya pole na kazi je? Andika 'Sorry for work'."

Mama Mwalimu aliweka kikombe chini akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Jamani," alisema, "hicho ni Kiswahili mlichokivalisha tai. Mwingereza akisikia hivyo atadhani mnamwomba msamaha kwa kuwa amesafiri!"

Akatusimulia yaliyompata zamani, alipokuwa bado mwalimu kijana. Shuleni kwao alikuwapo mwalimu mgeni kutoka Uingereza. Siku moja mgeni huyo alijikwaa kwenye ngazi, vitabu vikamwagika. Mama Mwalimu, kwa adabu zetu, akamwambia upesi, "Sorry!" Yule mgeni akamtazama kwa mshangao akamjibu kwamba si yeye aliyemsukuma. Mama Mwalimu alimpa pole, mwenzake akasikia nisamehe. Wote wawili walikuwa na nia njema, lakini neno moja liliwapeleka njia mbili.

Neno moja, mizigo mitano

Hapo ndipo Mama Mwalimu alipomvuta binti karibu naye na kuanza somo, na sisi sote tukageuka wanafunzi.

Maana ya kwanza, alisema, ni kumsikitikia mwenzako. Aliyefiwa, aliyeugua au aliyefeli mtihani huambiwa na Mwingereza kwamba yeye ni 'sorry', ingawa hana kosa lolote katika jambo hilo. Hapa neno linakaribia pole yetu. Lakini pole yetu ni pana zaidi, kwa maana sisi humpa pole hata mtu aliyetoka shambani akiwa mzima na mwenye furaha, kwa kuwa tu amechoka. Kiingereza hakina neno la kumpa mtu huyo.

Maana ya pili ni kuuliza pale usiposikia vizuri. Neno husemwa peke yake, na sauti hupanda mwishoni. Ni kama sisi tunapouliza, "Unasemaje?"

Maana ya tatu ni kukataa kwa adabu, au kutanguliza habari isiyopendeza. Mwenye nyumba ya wageni iliyojaa husema 'sorry', hana chumba. Mtu akikosea siku, akataja Jumatatu badala ya Jumanne, hutia neno hilohilo katikati na kujisahihisha.

Maana ya nne ilitushangaza. Neno hili likiwekwa mbele ya jina la kitu, hugeuka kabisa. Haliombi msamaha wala halitoi pole. Linasema kitu hicho ni duni, au kiko katika hali ya kusikitisha. Nyumba iliyobomoka paa, mbuzi aliyekonda na udhuru usio na kichwa wala miguu huitwa hivyo. "Kwa hiyo," alisema mmoja wetu, "udhuru wa foleni nao ni 'sorry' ya aina hiyo!" Tulicheka tena.

Maana ya tano ndiyo ile aliyoijua binti: kukiri kosa na kuomba msamaha.

Kisha Mama Mwalimu akatueleza asili ya neno lenyewe. Katika Kiingereza cha kale lilitokana na neno lililomaanisha kidonda au maumivu, na ndugu yake aliyebaki hadi leo ni 'sore', neno wanalolitumia kwa mahali panapouma mwilini. Wengi hudhani limezaliwa na 'sorrow', yaani huzuni, kwa sababu yanafanana. Kumbe asili zao ni mbali mbali. Basi aliyesema 'sorry' hapo kale alikuwa akisema kwamba anaumwa, na kwamba ana kidonda moyoni.

"Tena angalieni jambo moja," alisema. "Neno hili ni kivumishi. Si kitenzi. Linaeleza hali ya anayesema, basi. Ukisema wewe ni 'sorry' umejieleza tu, kama vile ungesema una njaa au una baridi. Hujamwomba mwenzako chochote. Sisi tukisema 'nisamehe', hicho ni kitenzi, na mtendaji ni yule mwingine. Tumeweka shauri mikononi mwake. Anaweza kusamehe, anaweza pia kukataa. Ndiyo maana neno hili ni zito kulitamka."

Binti alikuwa akiandika kwa bidii. Alimaliza sentensi nne. Kisha akainua uso, akauliza bila hila yoyote, kama mtoto anavyouliza:

"Mama Mwalimu, ile siku mlipokuja nyumbani mkamwambia mama pole, kwa Kiingereza ingekuwa 'sorry' ya ngapi?"

Hakuna aliyejibu. Kuku alipita kwenye mkeka na hatukumfukuza.

Yaliyotokea kabla

Hapa inatubidi tuwaeleze, akina mama wenzetu, jambo ambalo hatujivunii.

Mwenzetu mshona nguo alikuwa mweka hazina wetu kwa miaka minne. Kisanduku kilikaa nyumbani kwake. Kama ilivyo katika vikundi vingi vya kuweka na kukopa, kilikuwa na kufuli tatu, na funguo zilikaa kwa mama watatu tofauti, wala yeye hakuwa na hata mmoja. Desemba moja, siku ya mgao, tulihesabu tukakuta upungufu wa shilingi 140,000. Tukahesabu tena, upungufu ukabaki palepale.

Hakuna aliyemwita mwizi. Hilo tulijisifu nalo kwa muda mrefu. Lakini mmoja wetu alisema, kama mtu anayetania, kwamba kufuli za siku hizi hufunguka hata kwa msumari. Mwingine alimweleza mumewe, na mume akaeleza mahali anapocheza bao. Wengine tulisikia tukanyamaza. Tuliamua kisanduku kihamie nyumba nyingine "kwa muda". Sokoni watu walianza kumtazama mwenzetu kwa pembe ya jicho, na mmoja wa wateja wake akaja kuchukua kitambaa kabla hakijakatwa.

Baada ya wiki mbili alituletea shilingi 140,000 taslimu. Alisema hataki maneno. Tulizipokea. Hatukumwuliza alikozipata, ingawa tulijua kwamba alikuwa na vyerehani viwili, na kwamba kile kikuukuu, alichoachiwa na marehemu mama yake, hakikuonekana tena kibarazani.

Mwezi wa tatu, katibu wetu alipokuwa akinakili hesabu katika daftari jipya, aligundua kosa. Msaada wa msiba tuliompa mwenzetu mmoja ulikuwa umeandikwa katika mfuko wa jamii, lakini pesa zenyewe zilitolewa katika mfuko wa hisa. Zilikuwa shilingi 140,000 kamili. Hakuna senti iliyokuwa imepotea. Kalamu ndiyo iliyokosea, na kalamu hiyo haikuwa ya mweka hazina.

Jioni ileile tulikwenda kwake sote na pesa zake mkononi, pamoja na kilo mbili za sukari. Tukamwambia, "Pole sana, mwenzetu. Hesabu zimeonekana. Pole kwa yote." Akajibu kama inavyopasa, "Asanteni, nimeshapoa." Tukanywa maji, tukasali, tukaondoka na mioyo myepesi. Njiani tulisema kwa hakika ni mwanamke wa imani, hana kinyongo.

Tangu siku ile hakuja tena chini ya mparachichi. Hisa zake hazikukosa hata wiki moja, lakini zililetwa na binti. Tukikutana kanisani alitusalimu vizuri. Tukimwalika chai alikuwa na kazi ya haraka ya mteja. Sisi tulisema, "Ana shughuli nyingi siku hizi." Tulisema hivyo mwaka mzima, mpaka mtoto wake alipotuuliza pole yetu ilikuwa ya ngapi.

Tulijifunza kwa wakubwa wa dunia

Mama Mwalimu hakumjibu mtoto kwa kumdanganya. Alimwambia, "Mwanangu, swali lako ni kubwa kuliko somo. Sentensi ya tano iache kwanza." Binti akachukua kitabu chake akaenda. Sisi tulibaki mpaka giza likaingia.

Mmoja wetu ni mzaliwa wa Songea. Alitukumbusha yaliyosikika redioni mwaka 2023. Tarehe 31 Oktoba, Mfalme Charles wa Uingereza alizungumza jijini Nairobi kuhusu mateso waliyopata Wakenya walipopigania uhuru wao. Alisema mabaya hayo yanaleta huzuni kubwa na majuto makubwa. Lakini hakuomba msamaha, na wengi nchini Kenya walilitambua hilo mara moja. Kesho yake, tarehe 1 Novemba, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea, mahali penye makumbusho ya Vita vya Maji Maji vya miaka ya 1905 hadi 1907. Alizungumza na wazao wa Chifu Songea Mbano, ambaye Wajerumani walimnyonga mwaka 1906, akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatenda mababu zao.

"Siku ile," alisema mwenzetu, "simu zilipigwa ukoo mzima. Si kwamba neno lile limefufua mtu. Wamekufa watu wengi mno, na fuvu la chifu bado lilikuwa linatafutwa. Lakini mjomba wangu alisema: huyu ametuuliza. Yule mwingine ametueleza tu jinsi anavyojisikia."

Hatusemi kwamba neno peke yake linatosha. Uingereza yenyewe mwaka 2013 ilikubali kuwalipa Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa Mau Mau jumla ya pauni milioni 19.9, na hata siku ile serikali yake ilisema inajuta. Malipo yalikuja bila ombi la msamaha. Songea lilikuja ombi la msamaha, na malipo hayakuahidiwa siku ile. Tulipoyasikia hayo tulitazamana. Sisi tulikuwa tumemrudishia mwenzetu pesa zake na kumpa pole. Tulikuwa tumetembea njia ya Nairobi, tukajidhania tumefika Songea.

Mwenzetu muuguzi naye alikuwa na lake. Alisema katika nchi nyingine wahudumu wa afya huogopa kumwambia mgonjwa 'sorry', kwa sababu hakimu huweza kulisikia neno hilo kama ungamo la kosa. Nchini Kanada ilibidi zitungwe sheria kwa ajili ya neno hili moja, katika jimbo la British Columbia mwaka 2006 na katika jimbo la Ontario mwaka 2009, ili mtu aweze kusema 'sorry' bila neno hilo kutumiwa mahakamani kama ushahidi dhidi yake. Fikirini, akina mama! Neno lenye maana mbili ni mahali pazuri pa kujificha. Msemaji anaweza kukiri na kutokiri kwa wakati mmoja.

Waingereza wana udhuru, maana lugha yao imetia mizigo yote katika kikapu kimoja. Sisi je? Kiswahili kimetutengea kila kitu mahali pake. Pole ni ya mtu aliyeumia, na hutoka kwa yeyote. Nisamehe, niwie radhi na nimekukosea ni ya mtu aliyeumizwa nawe, na hutoka kwako tu. Hatukukosa neno. Tulikuwa nayo yote mawili kinywani, tukachagua lile lisilogharimu. Tulimpa pole kana kwamba aliangukiwa na mti, wakati mti ule tuliukata sisi.

Mikono mitupu

Jumamosi iliyofuata tulikubaliana kwenda kwake. Mmoja alianza kufunga sukari katika mfuko, Mama Mwalimu akamzuia. "Sukari ni ya pole," alisema. "Leo twende mikono mitupu."

Tulipiga hodi, akatukaribisha. Alikuwa kwenye cherehani, anapinda sare za shule. Alitaka kuinuka atafute viti, tukamwomba akae. Sisi tuliketi sakafuni. Mama Mwalimu akasema, "Mwenzetu, mwaka jana tulikuja hapa tukakupa pole. Tulikosea neno. Leo tumekuja kukuomba utusamehe."

Tulidhani atasema, "Aah, yamekwisha hayo." Ndiyo desturi yetu, na tuseme kweli, tulikuwa tukilitegemea jibu hilo. Hakusema. Aliondoa mguu kwenye kanyagio akauliza kwa sauti ya kawaida:

"Niwasamehe nini?"

Mpenzi msomaji, hatujawahi kuulizwa swali gumu namna ile. Kusema "kwa yote" ni rahisi, kwa maana yote hayana jina. Ikabidi kila mmoja alitafute lake. Katibu alisema, "Niliandika vibaya, na nilipogundua niliona haya, nikasema hesabu zimeonekana badala ya kusema nimekosea." Aliyetaja msumari alisema, "Nilisema kufuli yako inafunguka kwa msumari. Nilijua ninachokisema." Aliyemweleza mumewe alilitaja hilo. Waliosikia wakanyamaza walisema, "Tulisikia tukanyamaza." Hata Mama Mwalimu alisema, "Mimi nilikuwa mkubwa wa kikundi. Nilipokea pesa zako bila kukuuliza umeuza nini."

Hapo ndipo alipolia. Hakulia kwa kelele. Alijifuta uso kwa kitambaa cha sare aliyokuwa anapinda, kisha akakitazama na kukinyoosha kwa kiganja. Alisema mumewe alimwuliza mara tatu usiku mmoja kama kweli hakuchukua. Alisema cherehani ya mama yake ilinunuliwa na mtu aliyekwisha kuhama, na kwamba alikwenda mpaka Makambako kuifuatilia asiipate. Alisema tulipokuja na sukari alijibu "nimeshapoa" kwa sababu pole haina jibu lingine. "Mlinipa neno," alisema, "na neno lile likanifunga mdomo. Ningewaambiaje kwamba sijapoa, na nyinyi mmeshanipa pole?"

Kisha akasema, "Nimewasikia. Nipeni muda."

Hatukumhimiza. Hatukumsomea mistari ya msamaha, ingawa tunaijua kwa moyo. Mara nyingi sisi Wakristo humkimbilia aliyekosewa kwa mistari hiyo kabla aliyekosa hajafungua kinywa. Tunasahau kwamba Bwana Yesu alimwagiza mtu anayeleta sadaka kwamba akikumbuka ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka palepale, aende kwanza akapatane naye. Mwenye safari ni yule aliyekosa. Tunasahau pia kwamba Zakayo, alipokutana na Bwana, hakusema tu kwamba anasikitika. Alitaja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemdhulumu.

Nasi tulikuwa na hesabu ya kutaja. Mzee aliyekuwa akicheza bao na mume wa mwenzetu aliendewa na kuelezwa ukweli. Yule mteja aliyechukua kitambaa chake alielezwa pia, na wengine sokoni, mmoja mmoja, na walewale waliosema. Tulichanga pesa za cherehani nyingine. Alikubali kupokea, lakini akasema wazi kwamba hii si ile. Tulikubali. Kuna vitu ambavyo msamaha haurudishi, na aliyekosa hana budi kulijua hilo na kunyamaza.

Alhamisi ya kwanza hakuja, na ya pili pia hakuja. Ya tatu alikuja mwenyewe na kitabu chake cha hisa, akaketi ukingoni mwa mkeka, akasema ana haraka. Alikunywa kikombe kimoja cha chai. Hatukumpigia makofi wala kumwimbia. Tulimsogezea sukari. Wiki iliyofuata alikaa mpaka tukakunja mikeka.

Binti naye alipeleka daftari shuleni na sentensi nne, akapata nne juu ya tano. Mama Mwalimu alitaka kwenda kumwelezea mwalimu wake. Binti alikataa. Alisema ile ya tano anaijua sasa, na anajua namna ya kuisema kwa Kiswahili.

Nyumbani kwetu

Tangu hapo tumekuwa waangalifu na sori za nyumbani kwetu. Hatukuipiga marufuku. Mtu akikukanyaga mguu dukani, sori inatosha. Lakini mtoto akimpiga mdogo wake akataka kukimbia na sori mdomoni, tunamshika mkono na kumwuliza, "Sori ya nini?" Naye hutaja alichofanya. Wengine wetu tumewauliza hata waume zetu swali hilo, kwa upole na faraghani, na wapo waliotaja jambo kwa jina lake kwa mara ya kwanza katika miaka 15 ya ndoa. Na wapo walioturudishia swali hilohilo. Tulistahili.

Tumegundua pia kwamba sisi akina mama ni wagumu zaidi mbele ya watoto. Tukimchapa mtoto kwa kosa ambalo hakulifanya, tunampikia chapati. Tunampa pole ya chakula. Mmoja wetu alijaribu njia nyingine. Alimwita kijana wake wa miaka 12, akamwambia, "Nilikushuku bure, nilikosea, nisamehe mwanangu." Kijana alibaki ameduwaa. Kisha akamwambia mama yake kwamba ile noti ya wiki iliyotangulia, ambayo hakuna aliyeshukiwa kwayo, ndiye aliyeichukua.

Akina mama wenzetu, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, walisema wahenga. Nasi tumejifunza kwamba ulimi hujikwaa hata kwa neno jema lililowekwa mahali pasipo pake. Pole ni neno zuri. Tuendelee kulitoa kwa wafiwa, kwa wagonjwa, kwa waliotoka safari na kwa waliochoka na kazi. Lakini usiku wa leo, watoto wakishalala, kaa kidogo ujiulize: ni nani uliyempa pole, naye bado anakudai nisamehe? Ukimkumbuka, usisubiri Alhamisi. Nenda kwake, tena nenda mikono mitupu. Akikuuliza, "Nikusamehe nini?", uwe na jibu.